Pumzi za Wafua Sufu

Jumatatu asubuhi, maabarani, Neziha alijaza chupa kumi hadi shingoni, akazigonga kwa ukucha mpaka viputo vyote vikapanda juu, akazifunga. Katika kila chupa kulikuwa na maji safi na tone moja la maji ya kijito kinachopita nyuma ya kiwanda cha kufulia jinzi, nje ya mji wa Monastir. Tano kati ya hizo alizitia dawa mpya ambayo kiwanda kilitaka kulainishia suruali zake.

Kazi yenyewe haikuwa na siri. Ndani ya tone la kijito mna vijidudu. Dawa ikiwa ya kulika, vijidudu huila. Vikila, hupumua, na oksijeni ya chupani hupungua. Ikipungua kiasi cha kuonyesha kwamba asilimia sitini ya dawa imeliwa ndani ya siku ishirini na nane, dawa hupewa cheti, na mabaki yake huruhusiwa kumwagwa kijitoni mpaka baharini. Neziha alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili.

Siku ya tisa alifungua kabati la baridi kutazama kipimajoto, akamkuta mama yake katika chupa ya nne.

Mama yake, Hallouma, alikuwa amefariki miaka kumi na tisa iliyopita. Sasa alikuwa na urefu wa kidole gumba, sketi ameipandisha na kuichomeka kiunoni, na pamoja na wanawake wengine watano alikuwa akifua sufu na kuipiga kwa kibao. Katika chupa nyingine za dawa walikuwamo wengine, sita sita.

"Umekonda," mama yake alisema. "Nani anakupikia?"

"Najipikia mwenyewe, Mama."

"Ndiyo maana."

Neziha alivuta kigoda, akaketi.

"Tuliona povu, tukajua kuna kufua," mama yake aliendelea. "Lakini sabuni gani hii, mwanangu? Nimesuuza mara saba, povu halikatiki. Hata wadudu hawaigusi. Wanaizunguka tu kama kuku walioona jiwe."

"Si sabuni. Ni dawa ya kulainishia jinzi."

"Basi mrudishie mwenyewe."

Tangu siku hiyo Neziha alifika kazini mapema kuliko mfagizi. Alikula mkate wake uliopakwa harisa ya pilipili mbele ya kabati, na mama yake akamkumbusha mambo ya Julai za zamani, sufu ya mablanketi ilipofuliwa kijitoni: watoto wamekalishwa juu ya marobota yaliyolowa ili yasichukuliwe na maji, tini zimefungwa kwenye kitambaa cha kichwani mwa mtu, na mikunga ikipita miguuni pa wafuaji bila kumwogopa yeyote. Maji yalikuwa meupe hata ukidondosha sindano unaiona ilipolala. Neziha alikuwa amesahau kwamba aliwahi kuidondosha hiyo sindano, akachapwa, kisha akapewa tini.

Siku ya kumi na nne alipiga hesabu, akauweka mkate chini.

"Mama, mnaweza kupunguza kupumua?"

"Unasemaje?"

"Oksijeni ikiisha humo, watasema dawa imeliwa."

Mama yake aliweka kibao chini. "Nimekufa miaka kumi na tisa. Nimepata pumzi ya siku tano, na wewe niliyekuzaa unanibania?"

Wenzake walicheka mpaka povu likatikisika. Kisha wakamwonea huruma, wakafumba midomo. Walipiga sufu saa nzima huku wakibana pumzi. Halafu Mannoubia, aliyekuwa mkubwa wao, akaanza kuimba kwa puani, maana sufu haipigwi kimyakimya, na wote wakaitikia. Neziha hakuwakataza. Aliegemeza sikio kwenye kioo.

Siku ya ishirini na nane mkuu wa maabara, Taieb, ambaye kazini walimwita Si Taieb, yaani Bwana Taieb, alikuja mwenyewe na kipimo cha oksijeni. Alikizamisha taratibu katika chupa ya nne.

"Shangazi Mannoubia, samahani, sogea kidogo."

"Taieb! Umeota kitambi."

"Ni umri, shangazi."

"Ni makaroni."

Si Taieb alisoma kipimo, akaandika: asilimia sitini na tatu.

Neziha akamwekea mezani karatasi yake. Alikuwa ameipima dawa yenyewe. Ilikuwamo yote, haikupungua hata chembe. Chini aliandika kwamba oksijeni ilipumuliwa na wanawake, sita katika kila chupa. Si Taieb aliisoma mpaka mwisho, akasahihisha kosa moja la tahajia, akaitia kwenye droo.

"Fomu inauliza oksijeni imepungua kiasi gani. Haiulizi kaipumua nani."

"Lakini shangazi yako mwenyewe ni shahidi."

"Shangazi yangu ni marehemu, Bibi Neziha. Marehemu hasaini."

Cheti kilipigwa mhuri kabla ya adhuhuri. Alasiri Neziha alizibeba chupa kwa kikapu, akazimimina kijitoni. Wanawake waliteremka na sufu zao bila kuaga, kwa sababu walikuwa hawajamaliza.

Msimu wa zeituni ulipoanza, bomba la kiwanda lilifunguliwa. Povu lilifunika matete na halikuondoka. Wakulima wa bondeni walikwenda kulalamika, wakaonyeshwa cheti, wakarudi. Viwanda vingine vikaleta dawa zao, wafuaji wakarudi chupani na kupumua, na kila moja ikafaulu. Si Taieb akaagiza kwamba maji ya majaribio yasichotwe mahali pengine ila kijito hicho.

Hata hivyo, asubuhi moja ya masika Neziha alikwenda kwenye mabwawa ya majitaka ya mji wa jirani, ambako kanuni zinaruhusu kuchota. Alijaza ndoo. Yalikuwa maji mazuri kwa kazi, yenye vijidudu vya kutosha, na yangetoa majibu ya kweli. Aliinama akayatazama kwa muda mrefu. Humo hamkuwa na mtu.

Aliyamwaga, akaendesha gari mpaka nyuma ya kiwanda, akalitenga povu kwa mkono, akachota.