Shamba la Kuonyesha Wageni

Raheli alianza kugonga debe jua halijachomoza vizuri, na ilipofika saa tatu asubuhi mkono ulishakufa ganzi. Njiwa walikuwa wamemzoea. Akigonga upande wa barabara wanahamia upande wa kichuguu, akikimbilia huko wanarudi barabarani, wanatua juu ya vichwa vya alizeti vilivyokauka na kuendelea kudonoa kama watu walioalikwa.

Alizeti hiyo ilitakiwa kuvunwa wiki tatu nyuma. Jirani yake Anastazia, ambaye shamba lake limejificha nyuma ya kilima, alishavuna, akakamua mafuta, na mashudu akayauza sokoni Mkiwa. Kosa la Raheli lilikuwa kulima kando ya lami. Hosea, mtendaji wa kijiji, alimjia na daftari akamwambia kuna wageni kutoka China watapita kuelekea Itigi. Wamekuja kuzungumza na serikali juu ya ushirikiano na biashara ya alizeti, na wakubwa wanataka waione ikiwa shambani. Asikate hata kichwa kimoja, akikata atahesabiwa anahujumu uchumi. Wanakuja lini? Jumatano. Jumatano ikawa Jumatatu, Jumatatu ikawa wiki ijayo, na kila akiuliza anaambiwa mazungumzo bado yanaendelea huko juu. Wakubwa wana subira bwana, wana chai na maji ya chupa mezani. Njiwa hawana subira hiyo.

Mahindi yalikuwa yameungua yote. Alizeti ndiyo ingenunua unga wa mwanawe Witness na wadogo zake watatu mpaka mvua nyingine, na Raheli, mjane, hakuwa na kingine. Kila ganda tupu lililodondoka lilimuuma.

Saa nne Hosea alifika na bodaboda, shati jeupe limenyooshwa. Alimwamkia shikamoo, maana malezi alikuwa nayo, kisha akampa bendera mbili za karatasi, moja ya Tanzania na moja ya China. Leo ni leo, alisema, asimame ukingoni mwa shamba apunge. Debe aliweke chini, kelele si nzuri mbele ya wageni.

"Na ndege, mwanangu?"

"Vumilia mama, ni kitambo tu."

Kitambo hicho kilifika saa tisa alasiri. Muda wote huo Raheli alisimama juani na bendera zake, akiwasikia njiwa nyuma yake wakidonoa, sauti ndogo ya mfululizo kama mvua inayoanza juu ya bati. Hakugeuka, aliogopa kuangalia.

Kikalia king'ora. Magari kumi na moja yalipita mbio, vioo vyeusi vimepandishwa. Raheli alipunga. Alipoushusha mkono, la mwisho lilikuwa limeshapotelea kwenye kona.

Aliingia shambani akavuta kichwa cha kwanza, akakipangusa kwa kiganja. Matundu matupu. Cha pili vilevile. Alizunguka mistari yote, na alichokusanya kwenye kanga hakikujaza hata kindoo kimoja cha sado. Akaketi chini akalia kwa sauti, bila kujali nani anapita.

Jioni Hosea alirudi akitabasamu. Mazungumzo yamekwenda vizuri sana, alimweleza, wageni wamefurahi, wamekubali kuendelea kuzungumza. Ijumaa watarudi kwa barabara hiyohiyo na huenda wakasimama kupiga picha. Kwa hiyo shamba libaki kama lilivyo.

Raheli aliinuka, akachukua panga, akakata shina la kwanza. Akakata la pili.

"Mama Witness, nimesema usivune."

"Sivuni," alisema Raheli bila kuinua kichwa. "Wenye kuvuna wameshavuna, wako juu ya miti kule wameshiba. Mimi nakata kuni."

Hosea akafungua daftari, akaandika jina la Raheli. Raheli aliendelea kukata mpaka akafika ukingoni mwa lami, akafunga mzigo, akajitwika. Kuni alikuwa nazo za wiki nzima, ila nyumbani hakukuwa na cha kuinjika.