Sauti ya Sura ya Nne

Alhamisi saa nne na dakika kumi asubuhi, mwalimu wa fasihi alikuwa akiwaeleza kidato cha tatu tofauti kati ya msimulizi na mwandishi, sauti ikamkatika katikati ya neno. Alijaribu tena. Midomo ilicheza, hakikutoka kitu. Wanafunzi walingoja kidogo, kisha kiranja akafuta ubao na kumpa chaki, naye akaandika somo lililobaki. Saa tano kasorobo sauti ilirudi. Akalimalizia neno alipokuwa ameliachia, akawaruhusu kutoka.

Hiyo ilikuwa Alhamisi ya tatu. Hakwenda kunywa chai na wenzake; alishika njia ya chuo kikuu, ambako kwa miaka saba alikuwa akisomea uzamivu jioni na wakati wa likizo. Alitafiti watumishi wa nyumbani katika riwaya: nani huwapa maneno ya kusema, na nani huwanyima. Sura ya nne ya tasnifu yake, iliyomtoa jasho kuliko zote, aliijenga juu ya maelezo ya mama yake mzazi, aliyetumika katika nyumba za watu miaka thelathini na mmoja. Alikuwa ameikabidhi kwa profesa anayemsimamia miezi minane iliyopita. Hakurudishiwa hata ukurasa.

Karani wa idara alikuwa akipanga mafaili. Hakuinua macho.

"Ni sauti, siyo?" alisema. "Alhamisi profesa ana mhadhara saa nne. Anausoma kwa sauti yako. Wanafunzi wanasema siku hizi anaeleweka."

"Na kabla yangu?"

"Alikuwepo bwana mmoja wa isimu. Ya kwake ilitumika vitabu viwili, ikaisha. Sasa ana cherehani, wateja anawaonyesha bei kwa vidole." Akamsogezea kitabu cha wageni. "Jiandikishe. Yumo ndani."

Profesa alikuwa mtu mpole, msafi wa mavazi.

"Karibu, mwalimu," alisema, na ilikuwa sauti ya mwalimu mwenyewe, pamoja na kile kikwaruzo alichokipata kwa kushindana na kelele za madarasa ya watu sitini. "Makala yangu ya watumishi imetoka. Imepokelewa vizuri mno. Wewe nimekutaja kwenye shukrani."

Aliinua glasi akanywa maji. Hapo mwalimu akapata upenyo.

"Sura ya nne ni yangu," alisema upesi upesi.

"Ni ya idara," profesa alijibu, na koo la mwalimu likafunga palepale. "Utetezi wako nimeupanga Jumatatu. Naweza pia kuusogeza mpaka mwakani. Unasemaje?"

Akanyamaza makusudi, ili ajibiwe.

"Jumatatu," alisema mwalimu.

Jumamosi mchana mama alikuwa akipiga pasi huku redio ikiongea. Mwalimu alikuwa mezani akipitia mswada wa riwaya yake, ambayo mchapishaji alikwisha kuikubali. Nayo ilimhusu mtumishi wa ndani, mwanamke wa makamo ya mama yake.

"Hukuniambia utakuwa redioni," mama alisema.

Mwalimu alionyesha koo lake. Mama akaelewa, akasikiliza mpaka mwisho, pasi ameisimamisha.

"Anasema vizuri," alisema kipindi kilipokwisha. "Ila pale pa kufuli amekosea. Hawakunifungia ndani mwaka mmoja. Ni miwili."

"Mimi niliandika miwili. Mama, huyu mtu nitamshitaki! Unajua ilivyo kusimama mbele za watu huna sauti?"

"Najua." Mama aligeuza kola ya shati. "Ukijisomea hicho kitabu chako chumbani kwa sauti, mimi huku jikoni bubu. Mwaka wa tatu huu. Siku moja nilikuwa kwenye simu na dada yako, akadhani nimemnunia. Mpaka leo hajapiga."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje?"

Mwalimu aliutazama mswada.

Jumatatu walikaa watahini watano. Mwenyekiti alitangaza kwamba, kwa kuwa msimamizi na mtahiniwa wanatumia sauti moja, msimamizi atanyamaza saa nzima. Profesa aliitikia kwa kichwa. Mwalimu alikuwa amekata shauri: atasema mbele ya wote sura ile imetoka wapi, liwalo na liwe.

"Sura ya nne inafanana sana na makala ya profesa," alisema mtahini wa nje. "Nani amechukua kwa nani?"

Mwalimu alifungua mdomo. Ikatoka sauti ya mama yake, nzito, isiyo na haraka.

"Walikuwa wakitoka wananifungia kwa kufuli," ilisema. "Miaka miwili. Siku jiko lilipowaka moto nilikaa chini ya sinki, maji yakinimwagikia." Alijaribu kuizuia, haikuzuilika. Ilipita nyumba moja baada ya nyingine, kisha ikasema: "Hayo ni yangu. Hawa wote wawili wameyakuta kwangu."

Mtahini wa nje aliomba sauti ipandishwe kidogo. Katibu aliandika.

Walimtoa nje dakika ishirini, wakamwita tena. Amefaulu, na marekebisho madogo mawili: mama yake atajwe kama mhojiwa namba moja, na sura ya nne ionyeshe kwamba imetokana na makala ya profesa. Profesa alikuwa wa kwanza kumpa mkono.

"Hongera, Daktari," alisema, kwa hiyo mwalimu hakuweza kushukuru.

Nyumbani mama alimpokea mkoba.

"Wamekupa?"

"Wamenipa."

"Nilijua. Koo lilinikauka tangu saa tano." Alivuta kiti akakaa. "Na riwaya inatoka lini?"

"Mwezi wa sita. Wanataka niisome hadharani, maktaba nne." Mwalimu alisita. "Naweza kukataa, mama."

"Utakataa?"

Mama alimngoja kwa muda, kama mtu aliyezoea kungoja milangoni, kisha akainuka akaitungua kalenda ukutani.

"Basi niandikie siku na saa," alisema. "Nisije nikapanga kwenda hospitali siku hizo, nikashindwa kusema panaponiuma."

Mwalimu aliziandika tarehe zote nne kwa mwandiko wake wa ubaoni, mkubwa, ili mama azione bila miwani.