Pikapu Iliyouzwa Kabla ya Mavuno

Mume wangu Kituyi aliuza pikapu mwezi wa Agosti, akaja nyumbani na kagari kadogo na furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

"Mama Ashley, hii hainywi petroli, inanusa tu!"

Sikatai, pikapu ilikuwa mlafi. Safari moja ya kutoka hapa Turbo kwenda Eldoret na kurudi ilimaliza mafuta ambayo kagari hako kangetumia wiki nzima. Tena kila matanga yakitokea, ni pikapu yetu iliyoitwa kutoa mwili mochari, na hakuna aliyekumbuka kuweka mafuta. Kituyi alichoka kuwa dereva wa maiti za watu. Lakini mwenye akili zake huuza pikapu baada ya kuvuna. Nilimwambia hivyo, akasema napenda ubishi.

Mvua ya Novemba haikutuonea huruma. Tulipukuchua mahindi yakiwa na maji, chakula chetu cha mwaka mzima, tukayarundika sebuleni. Jua likakataa kutoka. Ilibidi yafike haraka kwenye mashine ya kukaushia mjini, kabla hayajaota kuvu.

Nikampigia Njenga, aliyenunua pikapu yetu.

"Mama, gari iko booked mpaka Saturday. Kila mtu ako na mahindi," akanijibu, kwa adabu iliyonikera zaidi.

Kituyi aling'oa viti vya nyuma vya kagari. Magunia manne yakaingia, tumbo la gari likagusa ardhi, na kabla hatujaiona lami tukakwama. Tukashusha, tukasukuma, tukapakia, tukakwama tena. Magunia yalilala topeni yakinyeshewa. Mwishowe tukayarudisha nyumbani. Nilimtukana mume wangu mbele ya majirani, na wala sijutii.

Jumamosi Njenga akaja kweli. Pikapu ilibeba mahindi yote kwa safari moja, ikapita kwenye tope bila shida, Kituyi akiwa ameketi nyuma juu ya magunia. Hakuinua uso hadi mjini.

Oyugi, mwenye mashine, alitumbukiza mkono ndani ya gunia, akaangalia kiganja chake. Akafungua lingine, na lingine.

"Hii imeshika sumukuvu, Mzee. Siwezi changanya na ya watu. Na msipatie ng'ombe, itaingia kwa maziwa."

Kituyi alimsihi mpaka watu waliokuwa kwenye foleni wakaangalia kando. Niliona aibu, kisha nikamhurumia, na hiyo huruma ikaniuma kuliko hasira yangu yote.

Tukarudi nayo. Nyumbani unga ulikuwa umebaki wa siku mbili. Nikachukua ungo, nikaanza kutupa punje nyeusi na zile za kijani. Kituyi akaketi karibu nami, akanisaidia. Tulichambua mpaka nikaona karibu zote ziko kwenye takataka.

Basi nikaanza kuzirudisha kwenye ungo.