Firigisi ya Baba

Jamani, mimi sijui kukaa na habari. Hii niliibeba kutoka Jinja mpaka Mbale, inanicheza mdomoni kama pipi, na nilijiapia sitaitema mpaka watu washibe. Jamil anataka kunioa! Jamil yule mrefu, mwenye duka la baba yake karibu na msikiti, aliyepata nafasi ya kusoma Khartoum. Anataka tufunge ndoa mfungo mosi huu huu, aende, halafu mimi nimfuate. Yaani nimemaliza chuo cha ualimu, nimefaulu, halafu na hili juu yake. Nilikuwa natembea sigusi chini.

Kulikuwa na jambo moja tu. Baba.

Baba yangu, Muhamad, alikuwa anasomba samaki kutoka Masese na pikap yake. Januari ile serikali ilipoanguka, wanajeshi waliokuwa wanakimbia walipita Jinja wakachukua kila kitu chenye magurudumu, pamoja na dereva wake. Baba aliongea nao pale mlangoni Kiswahili kizuri, ndiyo afande, sawa afande, mpaka mmoja wao akacheka. Halafu akamgeukia mama: "Nawafikisha Mbale tu. Kesho niko hapa." Huu ni mwaka wa tano.

Kwa hiyo nilipomwambia mama habari za Jamil hakunigombeza wala nini. Aliendelea kupara samaki. "Kijana mzuri," alisema. "Baba yako akirudi atakuozesha."

Nikaenda kwa sheikh. Yeye akasema, sikiliza binti, baba yako mdogo anaweza kusimama awe walii wako, akuozeshe, mimi sina neno. "Lakini siwezi kuingia nyumba ambayo mama yako bado anampakulia mumewe chakula, halafu nikuozeshe kama yatima. Kaeni kwanza mzungumze."

Tuzungumze! Na mama yangu? Banange.

Basi nikapanga. Baba mdogo Zubairi anakaa Mbale, Nabuyonga, yeye na mke wake Khainza. Nikamwomba mama twende kwao likizo ya Idd. Mama hajalala nje ya nyumba yetu tangu siku ile, nilijua atakataa, nilikuwa hata na machozi tayari. Akasema ndiyo, papo hapo. Nikamkumbatia. Nilidhani ni kwa ajili yangu.

Mpango ulikuwa hivi: Idd pili jioni nipike karamu ambayo haijawahi kuonekana, watu wakishiba niseme habari yangu na nimwombe baba mdogo mbele ya mama. Mama hagombani kwenye nyumba ya watu.

"Leo hakuna pilau," nikatangaza asubuhi. "Hakuna chapati, hakuna tambi. Leo tunakula Kiafrika tupu, kama usiku wa utamaduni chuoni kwetu."

Baba mdogo alishusha kikombe. "Kwani jana tulikula Kizungu?"

"Jana tulikula Kiarabu, baba mdogo."

"Haya mwalimu. Na kijiko kitakuwepo, au nacho kimekatazwa?"

Khainza alicheka mpaka akashika mlango. Yeye ni Mgisu wa mlimani, na akakamata malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, akayapika na karanga kama bibi yake. Mimi nikachukua kuku. Kuku wa luwombo, amefungwa mzima kwenye jani la mgomba, anaiva kwa mvuke na harufu yake inafika kwa jirani. Ugali wa ulezi, matoke, viazi. Nilikuwa naimba.

"Mama yako wapi?" Khainza aliuliza, anakoroga.

"Kaenda sokoni."

"Kila siku sokoni, lakini kikapu narudi tupu." Kiswahili cha Khainza ni cha kuokoteza, lakini macho yake hayaokotezi. "Yeye nazunguka kwa petroli stesheni. Nauliza madereva habari ya pikap ya buluu. Jana nilipita, nikamwona."

Niliendelea kufunga jani. Nikafunga, nikafungua, nikafunga tena. Kumbe ndiyo maana alikubali kuja. Baba alisema anawafikisha Mbale.

Ningeweza kuacha. Lakini kuku alishafungwa.

Tukatandika mkeka sebuleni. Mama alirudi amechoka, akaoga, akapaka wanja, maana bado ni Idd, akakaa akasifia kila kitu. Alikula malewa mara mbili! Baba mdogo akawa anasimulia jinsi baba, wakiwa wadogo, alivyoiba jogoo wa imamu akamrudisha mwenyewe akidai amemwokota. Mama alicheka. Jamani, alicheka kwa sauti, na mimi nikaona huu ndio wakati.

"Nina habari," nikasema. "Nimeposwa. Jamil anataka ndoa mwezi huu. Na nakuomba, baba mdogo, uwe walii wangu."

Nilisema kwa pumzi moja, na tabasamu hadi masikioni.

Baba mdogo alitazama sahani yake. Mama akanawa vidole taratibu. "Hongera kwa habari," alisema. "Lakini walii unaye. Usimsumbue shemeji yangu."

"Mama, sheikh amesema..."

"Nimesema walii unaye, Mariat."

Khainza, masikini, akitaka kuokoa karamu, akafungua jani la kuku na kuanza kugawa. Paja kwa mama, kidari kwangu. Na firigisi akamwekea mume wake, kama anavyomwekea siku zote. Baba mdogo, akili yake iko mbali, akaichukua akaitia mdomoni. Akatafuna.

Hapa niwaambie: ukoo wetu firigisi ya kuku ni ya mwanamume mkubwa wa nyumba. Mdogo haigusi wakati mkubwa yuko hai, hata kwenye nyumba yake mwenyewe, hata mkubwa awe safari ya mwaka. Kwetu Jinja mama anaiweka kwenye kisahani, inalala pale, asubuhi anapewa paka. Baba mdogo akija kututembelea anaitazama tu. Anajua. Amelelewa hivyo.

Mama alikuwa anamtazama anavyotafuna.

"Zubairi," alisema, pole pole. "Tangu lini unakula firigisi?"

Taya zake zikasimama. Hakuweza kumeza, hakuweza kutema. Khainza akatazama huyu, akatazama yule: "Kwani nini? Kila siku yeye nakula. Tangu nimeolewa hapa, yeye nakula."

"Tangu umeolewa," mama akarudia. Khainza ameolewa mwaka wa tatu.

Baba mdogo akameza.

"Shemeji."

"Uko wapi mwili wake?"

"Shemeji, naomba..."

"Nimekuuliza."

Akasema. Ni kupita Mbale, mbele ya mji wa Kumi, kando ya barabara. Dereva mmoja Mkenya, Omollo, ndiye aliyemletea habari kwamba ameona pikap imeungua, na namba za gari zinasomeka nusu. Akaenda kwa baiskeli, wiki ile ile, bunduki bado zinalia huko. Wenyeji walikuwa wamemfunika kwa majani.

"Ulimwosha?"

"Hakuwa wa kuoshwa tena, shemeji."

"Ulimswalia?"

"Nilimswalia. Peke yangu. Nikamzika na wale wenyeji."

"Na ukaja kwangu Jinja ukala viazi."

"Nilikuja kukwambia!" Baba mdogo alikuwa analia sasa, mtu mzima, mikono ina mchuzi. "Nilifika mlangoni na maneno yako mdomoni. Nikakuta umempakulia. Umemfunikia sahani na kawa. Ukaniambia, karibu, kaka yako yuko njiani. Ningesema nini? Mara ya pili vilevile. Halafu ikapita, ikawa mwaka, ningeanzia wapi?"

Mama hakupiga kelele. Mimi ndiye niliyepiga. Yeye alivua bangili, moja, ya pili, akaziweka mkekani. Akachukua maji ya kunawia akaosha wanja usoni mpaka maji yakawa meusi kwenye bakuli.

"Kesho mnirudishe kwa mume wangu," alisema. "Nikakae eda."

Sheikh wa Jinja alipoitwa alimweleza mama kwa upole kwamba hana eda tena. Eda inahesabiwa tangu kifo, kwa hiyo ilishapita zamani, bila yeye kujua.

"Iliyopita ni ya nani?" mama alimwuliza kutoka nyuma ya pazia. "Mimi sijaikalia."

Akaikalia. Miezi minne na siku kumi, chumbani, nguo moja isiyo na rangi, bila manukato, bila hina, hatoki hata uani. Nikamwambia nitasubiri, Jamil aende tu. Akakataa. Ulitaka walii, akasema, umempata, basi olewa.

Kwa hiyo niliozwa siku ya Ijumaa mwezi ule ule, wanaume wamejaa sebuleni, wanawake uani na ngoma zao. Mimi nilikataa kukaa na wanawake. Nilikaa kitandani kwa mama, na hina yangu na dhahabu ya kuazima, nang'aa kama taa kando ya mtu aliyezimika.

Sauti ya baba mdogo ikaja kupitia pazia. Ilitetemeka, lakini aliisema yote. "Mariat binti marehemu Muhamad. Umeridhia nikuozeshe kwa Jamil?"

Marehemu. Hakuna aliyewahi kulitamka neno lile ndani ya nyumba yetu. Nikamtazama mama. Alikuwa amefumba macho.

Akauliza mara ya pili. Mdomo wangu, huu huu usiojua kunyamaza, haukufunguka. Nikisema ndiyo, nimesema yote mawili.

Nje ngoma zikanyamaza. Mtu akakohoa. Akauliza mara ya tatu, na mama akanishika mkono, mkono wake mkavu usio na bangili.

"Jibu, mwanangu," alisema. "Watu wanangoja."

Nikajibu.