Kizibao cha Maingi

Siku ya kugawa nguo za Maingi, mama yake, Syombua, alikiacha kile kizibao hadi mwisho. Kamene, dada wa marehemu, alikuwa ameomba kimoyomoyo kisahaulike.

Kamene ndiye aliyekiokota katika soko la Gikomba, kwenye rundo la mitumba. Kilikuwa na nyuzi za umeme zilizoshonewa mgongoni. Ukikichomeka kwenye pawa benki, kinapata joto. Maingi alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu, na kila Julai baridi ya mtaa wao wa Lucky Summer ilimtesa mifupa. Wiki ile ya kwanza alitamba kibarazani. "Nyinyi tetemekeni tu," aliwaambia majirani. "Mimi natembea na jiko langu."

Kisha mama akakifua. Na kwa kuwa kwake mtumba haukuvaliwa mpaka upigwe pasi, akakinyoosha kwa pasi ya makaa, mbele na nyuma, bila haraka.

Maingi alikivaa, akabonyeza swichi. Taa nyekundu ikawaka kifuani. Joto halikuja.

"Nyuzi zimeungua ndani," alimnong'oneza Kamene. "Usimwambie. Atajilaumu."

Kamene akanyamaza. Kila asubuhi Maingi aliwasha ile taa mama aione, na mama, akidhani mwanawe ana joto, hakumtafutia sweta. Wiki ya tatu maumivu yalimshika kifuani. Hakurudi kutoka hospitalini.

Sasa Syombua alimgeukia jirani yao, Falis, ambaye binti yake Idil alikuwa na ugonjwa uleule.

"Mama Idil, hiki ni cha mtoto. Kilimtunza mwanangu mpaka siku ya mwisho."

"Mungu akulipe, mama Maingi."

Idil akavalishwa, kikamfika magotini. Syombua akabonyeza mwenyewe. Taa ikawaka.

"Mbona sisikii joto?" Idil akauliza.

"Ngoja kidogo, mtoto wangu," Syombua akasema. "Maingi alisema huchelewa."

Wakangoja. Mtoto alikuwa ameanza kutetemeka.

"Mama," Kamene akasema, "hakitapata joto."

"Kimeharibika lini?"

Kamene aliitazama pasi pale juu ya kabati.

"Ulipokipiga pasi."

Syombua hakulia. Alimvua mtoto kizibao taratibu, akakikunja akifuata ule mstari alioutia mwenyewe kwa pasi. Kisha akavua sweta lake, akamvisha Idil, akalifunga vifungo vyote hadi shingoni.