Pungufu Mbili

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi fundi mwashi alikoroga saruji yake, akafunga uzi kutoka pembe hadi pembe, kisha akaenda kuangalia ukuta alioujenga Jumamosi. Katikati, usawa wa macho, palikuwa na alama ya vema kwa wino mwekundu, na chini yake namba: 96. Akaipangusa kwa kitambaa kibichi, ingawa alijua wino ule hautoki. Basi, lipu ingeufunika. Akaushika mwiko kwa mkono wa kushoto, akaendelea na msingi wa ukuta wa mwisho.

Mwalimu alikuwa amefariki miaka kumi na mmoja iliyopita, lakini kusahihisha hakuacha. Alipita jioni, suruali imepigwa pasi, kalamu mfukoni, akikagua kazi za wale arobaini na mmoja aliowafundisha tangu darasa la kwanza hadi la saba. Mkunga alizikuta alama zake kwenye kadi za wazazi, dereva wa basi kwenye kioo cha mbele, mwoka mikate kwenye tumbo la mkate. Kila mwisho wa muhula alibandika orodha kwenye mlango wa posta, wa kwanza hadi wa mwisho, na watu wakaenda kuisoma kama wanavyosoma tangazo la maji kukatika. Dereva alikuwa wa arobaini na moja tangu utotoni na hakuwa na kinyongo. Alisema lazima awepo wa kufunga mlango.

Wa kwanza alikuwa mwoka mikate, ambaye tangu shuleni wote walimwita Kinara. Wa pili alikuwa fundi. Ije mvua, lije jua, Kinara tisini na saba, fundi tisini na sita.

Shuleni waligombana kwelikweli. Kinara alifunika daftari kwa kiwiko mpaka mkono ukafa ganzi. Fundi alikariri jedwali la hesabu akiwa na ndoo kichwani. Siku moja walivutana nywele uwanjani kwa ajili ya swali la sehemu, na wote wawili walikuwa wamelipata. Baadaye maisha yaliwapoza. Kinara ndiye aliyekaa na fundi siku tatu alipofiwa na mama yake, na fundi ndiye aliyemjengea Kinara tanuri, tanuri ambalo hadi leo halina ufa hata wa kupitisha sindano. Lakini orodha ikibandikwa, fundi alikabwa na wivu, wala hakumficha mtu. Alisema wazi kwamba anataka kuwa wa kwanza mara moja tu kabla hajafa. Baada ya kufa haisaidii, maana wafu kwenye orodha waliandikwa "hayupo".

Muhula huu alikuwa na kazi ya kumpa nafasi hiyo, chumba kipya cha kujifungulia kwenye zahanati. Kuta tatu zilikuwa zimesimama, na zote zilipata tisini na sita. Ulibaki mmoja.

Saa nne Kinara alikuja na mkate, akageuza ndoo, akakaa juu yake. Aliitazama ile 96 ukutani.

"Wewe si wa tisini na sita," alisema. "Ni tisini na nane. Anakukata mbili kwa ajili ya mkono."

Alieleza polepole. Walipokuwa darasa la saba alitumwa ofisini kuchukua chaki, akakuta karatasi za mtihani mezani, zile ambazo hawakuwahi kurudishiwa. Kwenye karatasi ya fundi, kabla ya jumla, paliandikwa: pungufu mbili, mkono. Chini yake palikuwa na karatasi zake za miaka yote, na zote zilikuwa hivyo. Darasa zima aliyeandika kwa mkono wa kushoto alikuwa mmoja.

"Na ukanyamaza," fundi alisema.

"Kwetu baba alikuwa ananisalimia siku ya matokeo tu, mwenzangu. Ningekuwa wa pili nani angenisalimia? Nikanyamaza, kunyamaza kukanizoea. Leo nimechoka nako."

Fundi alikasirika. Aliumega mkate akala nusu nzima, kwa sababu hasira zake hazikuwahi kumzuia kula, kisha akamwambia Kinara kuwa ni mwizi. Kinara alikubali. Akafuta makombo, akarudi kwenye tanuri lake, mikate haingoji mtu.

Kesho yake fundi alianza ukuta wa nne kwa mkono wa kulia. Mwiko ulimpiga chenga, saruji ilimwagika viatuni, lakini kazi ilipanda. Saa kumi na moja mwalimu alifika. Fundi akamwamkia shikamoo, mwalimu akaitikia marahaba, akatazama ukuta kutoka huku na huku, akaandika 98.

Fundi aliitazama namba ile na moyo ukamjaa. Miaka yote hiyo, kumbe ni hivi tu. Kisha, kwa mazoea, akaning'iniza timazi. Ukuta ulikuwa umeegemea nje kwa upana wa kidole.

Mwalimu hakuwa mwashi, alipima kwa macho. Hakuna mwingine ambaye angejua. Lakini katika miaka ishirini na sita hakuna ukuta wa fundi uliowahi kuegemea, na kwenye huu wanawake wangekuja kujishikilia uchungu ukiwabana. Saruji ilikuwa bado mbichi. Akauangusha wote, matofali akayasafisha moja moja, na tisini na nane ikaenda na vipande vyake. Siku iliyofuata akaujenga upya kwa mkono wa kushoto, na timazi ikatulia kama maji mtungini.

Mwalimu alikuja saa ileile. Akaandika 96.

"Mwalimu, umeona kosa?"

"Sijaona."

"Na hizo mbili?"

"Mkono," mwalimu alisema bila ubaya wowote, kama mtu aliyeulizwa ni saa ngapi.

"Basi iandike vizuri, isomeke. Ukuta huu ni wangu, na hapo siupigi lipu."

Mwalimu alikuwa mtu wa haki. Akaikoleza.

Orodha ilipotoka Kinara alisimama mlangoni pa posta, akamweleza kila aliyefika kwamba wa kwanza ni fundi na siku zote alikuwa fundi. Watu walimsikiliza mpaka mwisho, wakasema ni kweli, mkono si kosa. Kisha wakampa hongera Kinara, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa. Fundi naye alimpa yake, na akashangaa kidogo kuona wivu haupo.

Mtoto wa kwanza kuzaliwa kwenye chumba kile alikuwa msichana. Mkunga alimwita fundi aje amwone. Kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto paliandikwa kwa wino mwekundu: pungufu mbili. Mkunga alikuwa ameshajaribu sabuni na spiriti. Mwalimu hakuwahi kumfundisha mtoto yule, hakumfundisha hata mama yake, lakini alikuwa amepita jioni ile na kumwona akinyoosha mkono huo.

Fundi aliinama akampa kidole. Mtoto akakidaka kwa mkono uleule, akakibana barabara. Fundi akamwambia mkunga aache kusugua, atamchubua mtoto bure, na mkono wenyewe ni wa kushika mwiko.