Parashuti za Wifi Olga

Wifi yangu Olga ni fundi cherehani, na hawezi kuona nguo yenye makunyanzi akanyamaza. Ukipita mbele ya duka lake na kitenge ambacho hakijapigwa pasi, utarudishwa. Mimi nimeolewa na kaka yake, kwa hiyo nimerudishwa mara nyingi, na kila mara nimekasirika.

Mwaka mzima alikuwa akiwashonea parashuti watu wa klabu ya roketi, wale wanaokutana Jumamosi ng'ambo ya mto Lukuga kurusha roketi ndogo za karatasi ngumu. Yeye alishona, wao wakarusha. Kuhesabu na kubonyeza kile kisanduku cha kuwashia ni kazi ya wanachama tu. Na uanachama una sharti moja: roketi yako ipande na yai bichi kichwani, ishuke nalo zima. Basi Olga akajitengenezea roketi nyekundu, akapata injini moja tu ya baruti, iliyoletwa na binamu yake kutoka Lubumbashi. Kwa wiki nzima hakuzungumza kitu kingine. Jumamosi ilipofika nilikwenda kumbebea yai, na kumcheka kidogo ikibidi.

Papa Bonaventure, mkuu wa klabu na fundi mstaafu wa reli, alisali sala ndefu mno, kisha Cédrick akatangulia. Huyu ni mwanachama wa siku nyingi, anauza simu sokoni, na yai alilipandisha kwa kuwa tu anapenda sana kutazamwa. Roketi yake ikapiga mluzi, ikapanda mpaka shingo zikatuuma. Kule juu kichwa kikafunguka, parashuti ikatoka, ikabaki imekunjwa vilevile kama shati jipya la dukani. Roketi ikaja chini kwa kasi, yai likatapakaa kwenye majani. Cédrick akalaumu upepo, kisha injini, kisha sisi ambao hatukuitikia amina kwa nguvu.

Olga aliiokota ile parashuti, akaipapasa, na uso wake ukabadilika. Akanivuta pembeni.

"Wifi, mimi njo niliharibu," akasema. "Nilizitia zote amido, nikazipiga pasi. Bantu banakuja kutazama, sikutaka zionekane mubaya."

Parashuti! Alizichovya kwenye wanga wa muhogo kama kola za Jumapili. Nilitaka kucheka, lakini macho yake yalinizuia, maana ya kwake nayo ilikuwa hivyo hivyo. Tuliifikicha, tukaikung'uta, ikasimama wima kama ubao. Papa Bonaventure akaita jina lake.

Hapo Olga akafanya jambo ambalo sikulitegemea kwa mwanamke asiyetoka nje bila kujitazama kwenye kioo. Alifungua fulari yake ya satini kichwani. Nywele zilikuwa nusu zimesukwa, nusu zimesimama, kwa kuwa msusi wake alikuwa amekwenda kilioni Kirungu. Watu wakacheka waziwazi. Nami nikacheka, Mungu anisamehe. Yeye akafunga nyuzi kwenye pembe nne za fulari, huku akimweleza Cédrick mbele ya wote kwamba yai lake limepasuka kwa sababu ya wanga na pasi yake, si upepo.

Cédrick akanuna, lakini akahesabu, akabonyeza. Roketi nyekundu ikaenda. Juu kabisa fulari ikatoka, ikatandazika yote, ya manjano, nzuri mno, ikashuka polepole kuelekea shamba la mihogo. Olga alikimbia mbele ya kila mtu, nywele zake hivyo hivyo. Alifungua kichwa cha roketi, akatoa pamba, akatoa yai. Halikuwa hata na ufa. Aliliinua juu akalia, nami nikalia, nikampenda kuliko siku zote.

Papa Bonaventure akampa kisanduku mkononi. Cédrick alikuwa ameshaiweka tayari roketi yake ya pili, yenye parashuti ya mfuko wa plastiki, naye amesimama kando ya roketi hiyo akipigwa picha.

"Mama Olga, hesabu basi," akasema.

Olga alimtazama juu mpaka chini.

"Rudia nyuma kwanza."

Na Cédrick akarudi nyuma.